Somo la Kufuli, kutoka Poznań mpaka Kyangwali

Mtu akiniuliza nasoma nini huko Kampala nikamjibu "usalama wa kompyuta", napata jibu moja kati ya mawili. Vijana wananiletea simu zilizofungwa niwafungulie, na sina haja ya kuuliza zimetoka wapi. Wazee nao wanadhani nitakuwa mlinzi wa kukaa mlangoni pa chumba cha kompyuta usiku, na fimbo. Mzee mmoja wa Maratatu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, kwa kazi hiyo ulihitaji chuo kikuu kweli?"

Nimeona niandike historia ya somo hili kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida letu. Kuna na sababu nyingine. Vitabu vyetu vya chuo vinaanza hadithi Marekani, miaka ya 1960, kana kwamba kabla ya hapo hakuna aliyekaa darasani akafundishwa jinsi siri inavyofungwa na inavyofunguliwa. Mimi nilichimba nyuma kidogo. Nilichokuta huko ni darasa la vijana kama sisi, na baada ya miaka kumi waliohitimu darasa hilo walikuwa wakimbizi.

Mji unaitwa Poznań, uko magharibi mwa Poland. Mpaka vita ya kwanza ya dunia inakwisha ulikuwa chini ya Ujerumani, kwa hiyo vijana wa upande ule walikua wakikijua Kijerumani vizuri. Jeshi la Poland lilikuwa likisikiliza redio za jeshi la Ujerumani na kufumbua ujumbe wake, lakini mwaka 1928 ujumbe ukabadilika ghafla. Herufi zilikuwa zimechanganywa kwa namna ambayo hakuna mtu aliyeweza kuichanganya kwa mkono. Kumbe Wajerumani walikuwa wameanza kutumia mashine, Enigma.

Mpaka siku zile kufumbua maandishi ya siri ilikuwa kazi ya watu wa lugha. Wakuu wa ofisi ya siri ya Warsaw wakawaza tofauti: kama adui anatumia mashine, tutafute watu wa hesabu. Januari 1929 wakafungua kozi ya siri katika Chuo Kikuu cha Poznań, kwa wanafunzi wa hesabu kama 20 hivi. Walimu walikuwa maofisa waliosafiri kutoka Warsaw, na masomo yalikuwa jioni, baada ya vipindi vya kawaida. Mitihani yao ilikuwa ujumbe halisi wa Kijerumani. Ukishindwa kuufumbua, unarudi kwenye hesabu zako, na mdomo unaufunga. Waliobaki mpaka mwisho, waliochukuliwa kazini Warsaw Septemba 1932, ni watatu: Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski.

Enigma ilifanana na taipureta. Ukibonyeza herufi A, taa inawaka kwenye herufi nyingine, tuseme K. Ukibonyeza A tena, safari hii inawaka P, kwa sababu kila unapobonyeza, magurudumu ya ndani yanazunguka na njia ya umeme inabadilika. Anayepokea akiwa na mashine hiyo hiyo, ameipanga vile vile, anabonyeza K na P na anapata A zake. Asiye na mpangilio wa siku hiyo ana mabilioni ya njia za kujaribu.

Rejewski alipewa kazi hiyo peke yake mwishoni mwa 1932, akiwa na miaka 27. Mashine ya jeshi yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na ujumbe ulionaswa, na karatasi ambazo Wafaransa walizinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa na shida ya pesa. Kwa hesabu tupu alianza kutafuta jinsi nyaya za ndani zilivyounganishwa, akakwama sehemu moja: herufi za kibodi zinaingiaje kwenye gurudumu la kwanza? Enigma ya biashara, ile iliyouzwa kwa mabenki, ilifuata mpangilio wa kibodi. Alijaribu huo, ukakataa. Ndipo akajiambia, hawa Wajerumani ni watu wa utaratibu, pengine wamepanga tu A, B, C. Ilikuwa hivyo! Waingereza, wenye mabingwa wao, walikuwa wamekwama hapo hapo.

Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni wale makarani wa redio. Kila ujumbe ulihitaji ufunguo wa herufi tatu ambazo karani alijichagulia mwenyewe. Mtu amechoka, ni usiku, baridi, anaandika AAA, au herufi tatu zilizo karibu karibu kwenye kibodi. Juu ya hapo sheria ya jeshi ilimtaka auandike ufunguo huo mara mbili ili usipotee hewani. Mashine ilikuwa imara, lakini mazoea ya watu yalijirudia, na Rejewski aliingilia pale kwenye kujirudia. Mhadhiri wetu wa mwaka wa kwanza alituonyesha mambo hayo halafu akatuuliza ni wangapi humu darasani PIN ya simu zao ni mwaka wa kuzaliwa. Mikono haikuinuka, lakini kicheko tulikisikia wote.

Kwa miaka sita na zaidi Poland ilisoma barua za Ujerumani. Julai 1939, vita ikinukia, waliwaita Wafaransa na Waingereza kwenye msitu wa Pyry karibu na Warsaw, wakawaonyesha kila kitu, na wakawagawia kila upande nakala ya mashine waliyoitengeneza wenyewe. Wiki tano baadaye Ujerumani ikaingia.

Hapa ndipo vitabu vingi vinageuza kamera kuelekea Uingereza, na sisi tunabaki nyuma na wale watatu. Walichoma karatasi zao, wakapanda treni na malori kuelekea kusini, na Septemba 17 wakavuka mpaka kuingia Romania. Askari wa Poland waliokuwa wakivuka walikuwa wanapelekwa kambini, wao wakaponyoka wakafika Bucharest. Wakaenda kwanza ubalozi wa Uingereza. Nani asiyejua walichoambiwa? Subirini, rudini baada ya siku kadhaa. Watu waliobeba kichwani siri kubwa kuliko zote za vita ile, wanaambiwa wasubiri kwenye foleni. Wakaondoka, wakaenda ubalozi wa Ufaransa, na huko wakapewa viza haraka.

Walifanya kazi karibu na Paris mpaka Ufaransa nayo ikaanguka Juni 1940. Wakakimbizwa Algeria, wakarudishwa kusini mwa Ufaransa kwa majina ya bandia, wakaendelea kufumbua ujumbe katika nyumba iliyofichwa karibu na mji wa Uzès. Januari 9, 1942, Różycki alikuwa anarudi kutoka Algeria kwa meli iitwayo Lamoricière. Ikazama karibu na visiwa vya Baleari, naye akafa maji. Alikuwa na miaka 32. Sisi tuliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 ndani ya mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, hatuhitaji kuelezwa.

Wawili waliobaki walivuka milima ya Pyrenees kwa miguu Januari 1943. Katikati ya njia, usiku, yule aliyelipwa kuwavusha akatoa bastola akawachukulia pesa zilizobaki. Upande wa Hispania wakakamatwa, wakalala gereza hili na lile mpaka Mei. Ureno, Gibraltar, na hatimaye Agosti 1943 wakatua Uingereza.

Mtu angedhani wangepokelewa na kupelekwa moja kwa moja Bletchley Park, ambako maelfu ya watu walikuwa wakifanya kazi iliyoanzia kwenye karatasi za Rejewski. Hapana. Waliandikishwa kama askari wa kawaida katika jeshi la Poland lililokuwa uhamishoni, wakapewa kufumbua misimbo midogo ya mkono. Enigma hawakuiona tena, na hakuna aliyewaambia ilikofikia. Ni wageni, wamepita mikononi mwa watu wengi, huenda wamegeuzwa njiani: kwa mtu wa usalama hoja hiyo ina maana, na mimi nimefundishwa kuielewa. Lakini nimefundishwa pia kupima hasara, na sioni jinsi mtu mwenye akili angekuwa na fundi aliyetengeneza ufunguo wa kwanza halafu akampa kazi ya kufagia karakana.

Rejewski alirudi Poland mwaka 1946 kwa mke na watoto wake, akafanya kazi kwenye viwanda, hesabu za ofisini, huku polisi wa siri wa nchi yake wakimfuatilia kwa miaka. Zygalski alibaki Uingereza akawa mwalimu. Dunia ilianza kusikia habari zao miaka ya 1970 tu, na Rejewski akafariki mwaka 1980.

Nilipomaliza mwaka wa pili nilitafuta mahali pa kujifunzia kazi. Ofisi moja ilipenda majibu yangu ya mtihani, halafu ikaniomba barua ya polisi kutoka nchi niliyozaliwa, kuthibitisha kwamba sina kesi. Niliwaeleza kwamba mkimbizi hawezi kwenda kugonga mlango wa serikali aliyoikimbia. Walielewa, walikuwa wapole kabisa, na nafasi wakampa mwingine. Sina kinyongo nao. Ila siku ile ndipo nilipoanza kumsoma Rejewski kwa macho mengine.

Na kabla sijaondoka kwa Wapolandi: walifika hata huku kwetu. Si hao wanahesabu, ni ndugu zao, familia ambazo Warusi walizihamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941 mpaka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa walipitia Uajemi, na tangu 1942 zaidi ya 15,000 wakaletwa Afrika. Tengeru karibu na Arusha ilikuwa na karibu 5,000. Hapa Uganda walikaa Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya huko Masindi, si mbali na sisi, ng'ambo ya Hoima tu. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama, na makaburi yao yapo. Kwa hiyo tukisema kambi zilianza na wazazi wetu, tunakosea kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwenye kompyuta zenyewe. Mwanzoni kompyuta haikuwa na haja ya neno la siri, kwa sababu ilijaza chumba na aliyeingia chumbani ndiye mwenye nayo. Kufuli lilikuwa la mlango. Mambo yalibadilika katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Fernando Corbató na wenzake walipotengeneza mfumo wa watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu ndogo ndogo. Kila mmoja akapewa paswedi ili afungue mafaili yake, na muda wake upimwe. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa saa 4 tu kwa wiki na kazi yake haikutosha humo. Ijumaa moja usiku akaiomba mashine, kwa kadi ya matundu, imchapie faili fulani. Lilikuwa faili la paswedi za watu wote. Kesho yake asubuhi akaenda kabatini akachukua karatasi zake, na tangu hapo akawa anatumia saa za wenzake. Alikuja kuungama baada ya miaka 25.

Kila aliyewahi kupanga foleni kwenye kituo cha kompyuta cha kambi, dakika 30 kwa mtu, atamwelewa Scherr. Simsifu. Nasema tu kwamba wizi wa kwanza wa paswedi unaojulikana haukutoka kwa jasusi. Ulitoka kwa mwanafunzi mwenye njaa ya muda.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara za Bell walichapisha uchunguzi wa paswedi 3,289 za watumiaji halisi. Asilimia 86 zilikuwa dhaifu. Watu 15 walikuwa wameweka herufi moja tu! Moja! Hesabu hiyo bado tunafundishwa. Na huyo Morris alikuwa na mtoto wa kiume, naye Robert, aliyekuja kuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Novemba 2, 1988 kijana akaachilia kwenye mtandao programu ndogo inayojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, na mojawapo ya njia zake za kuingia ilikuwa kubahatisha paswedi dhaifu, jambo lile lile baba yake aliloonya. Programu haikuharibu mafaili, lakini ilijinakili kupita alivyokusudia, mashine zikazidiwa. Makadirio ya wakati ule yalisema mashine kama 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye mtandao mzima. Mahakama ilimpa kifungo cha nje miaka 3, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050. Leo ni profesa wa MIT.

Tulibishana sana darasani kuhusu hukumu ile. Wengi walisema ilikuwa nyepesi. Mimi nilikuwa nawaza kijana wa Kyangwali angefanya vile, angehesabiwa miaka mingapi, na kama kuna chuo kingempa kiti cha uprofesa baadaye. Hata hivyo "mnyoo" ule, kama unavyoitwa, ulifanya kazi ambayo ripoti za wataalamu hazikuweza. Mwezi ule ule serikali ya Marekani ikaanzisha kituo cha dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Gene Spafford wa Purdue, aliyeuchambua mnyoo kipande kwa kipande, akawa mmoja wa waliolifanya somo hili kuwa idara yenye wanafunzi wake, na mwaka 1992 Royal Holloway ya Uingereza ikaanza shahada ya uzamili ya usalama wa habari, kati ya za kwanza duniani. Mtaala ninaosoma mimi umetoka kwenye ukoo huo.

Lakini mwanafunzi ninayemkumbuka kila nikikaribia kukata tamaa ni mwingine. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, kulikuwa na kozi ya usalama wa kompyuta, na Ralph Merkle alikuwa darasani. Mwalimu alitaka kila mtu alete wazo la mradi. Merkle akauliza: watu wawili ambao hawajawahi kukutana, na wanasikilizwa na adui tangu neno la kwanza, wanaweza kukubaliana siri? Kila mtu alijua haiwezekani. Lazima kwanza mkutane mahali, mpeane ufunguo. Mwalimu alisoma pendekezo, akaona maelezo yamevurugika, akamwelekeza kwenye mradi wake wa pili. Merkle akaiacha kozi, akabaki na wazo.

Wazo lenyewe naweza kulieleza kwa masanduku. Tuseme dada mmoja yuko Maratatu, kaka yake yuko Kasonga, na jirani mbea anaona kila kinachopita njiani. Dada anatuma masanduku 1,000, kila moja lina kufuli dhaifu, la kuchokonoa saa moja likafunguka. Ndani ya kila sanduku kuna namba na neno la siri, yote tofauti, na dada amebaki na orodha. Kaka anachagua sanduku moja bila mpango, anachokonoa saa moja, anakuta namba 617 na neno lake. Anasimama sokoni anapiga kelele, "617!" Dada anaangalia orodha, analijua neno. Jirani amesikia 617, lakini iko kwenye sanduku gani? Itabidi afungue moja moja, kwa wastani saa 500. Weka kompyuta badala ya masanduku, na milioni badala ya elfu, jirani atazeeka.

Makala ya Merkle ilizungushwa na wahariri, ikatoka mwaka 1978. Wakati huo Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Stanford walikuwa wameshachapisha njia yao bora zaidi, 1976, na Merkle akaenda kusoma chini ya Hellman. Hellman mwenyewe amesema njia ile ingestahili kubeba na jina la Merkle. Ukituma pesa kwa simu, au ukimwandikia mama yako Bunia kwa WhatsApp na asisome mtu katikati, chini yake kuna hesabu zilizozaliwa kwenye swali lile. Serikali haikufurahi. Mwaka 1977 barua kutoka kwa mfanyakazi wa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ilionya kwamba kuzungumzia hesabu hizo hadharani kunaweza kuvunja sheria, na kwenye mkutano wa Cornell mwaka huo Hellman alisoma kazi za wanafunzi wake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu mwanasheria wa chuo aliona kumtetea profesa ni rahisi kuliko kuwatetea wanafunzi. Wao walisimama pembeni yake.

Mpaka hapa nimezungumza kama mtu anayesimulia mambo ya mbali. Kwetu somo hili lina uzito mwingine, kwa sababu sisi ni watu walioandikwa. Mkimbizi anaandikwa kuliko mtu yeyote. Mwaka 2018, baada ya mashaka kuhusu hesabu za wakimbizi Uganda, tulipanga foleni tena nchi nzima kutoa vidole kumi na mboni za macho, na idadi ikashuka kutoka zaidi ya milioni 1.4 mpaka karibu milioni 1.1. Zoezi lilikuwa na sababu, silipingi, na kadi inayosomeka imewasaidia wengi kupata mgao wao bila mtu mwingine kuula. Swali la mwanafunzi wa usalama ni jingine: vidole vyangu vikishaingia mle, nani anavitazama, na nani anaweza kuviomba?

Kanda yetu inalijua jibu baya. Kitambulisho chenye kabila, kilicholetwa Rwanda na utawala wa Ubelgiji miaka ya 1930, ndicho kilichoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Aliyekibuni aliona anapanga makaratasi. Amsterdam nako, Machi 27, 1943, mchoraji Willem Arondeus na wenzake walivaa sare za polisi wakaenda kuchoma ofisi ya daftari la wakazi, kwa sababu Wajerumani walikuwa wanalitumia kuwatafuta Wayahudi. Zimamoto wa mji walichelewa makusudi, na walipofika wakamwaga maji mengi kuliko ilivyohitajika ili kadi ziharibike. Sehemu tu ya kadi iliteketea. Kumi na wawili walipigwa risasi Julai, Arondeus akiwamo.

Siku hizi hakuna wa kuchoma jengo. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia kwenye kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wale wanaotafuta ndugu waliopotezana nao vitani na njiani. Wavamizi walikuwa ndani tangu Novemba 9, siku 70 nzima. Mlango ulikuwa kasoro ya programu ambayo dawa yake ilikuwa tayari imetolewa, haikuwekwa kwa wakati. Nawaheshimu kwa jambo moja: walitoka wakasema wenyewe, pamoja na tarehe. Miezi saba kabla, Juni 2021, Human Rights Watch iliandika kwamba habari za Warohingya zilizokusanywa na UNHCR Bangladesh zilifikishwa na serikali ya nchi hiyo kwa Myanmar, serikali waliyoikimbia. UNHCR ilisema watu waliulizwa wakakubali. Waliohojiwa, wengi wao, walisema hawakuelewa hivyo. Ndugu wafanyakazi mnaosoma, mimi nimekaa upande huu wa meza. Mtu aliyelala foleni tangu saa kumi usiku, mtoto mgongoni, akiulizwa "unakubali?", anasikia "unataka chakula?" Sheria ya ulinzi wa data ya Uganda ya 2019 inadai ridhaa yenye kueleweka, na neno hilo lina kazi kubwa zaidi ya sahihi.

Ndiyo maana mradi wangu wa mwaka wa mwisho hauko kwenye benki wala kwenye mnyoo. Uko kwenye sanduku la akiba la kikundi cha mama zetu. Mnalijua: sanduku la chuma, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku analala nalo wa nne. Hakuna mmoja anayeweza kufungua peke yake, na kila mtu anajua utaratibu ulivyo, hakuna uchawi. Adi Shamir aliandika mwaka 1979 hesabu ya kuigawa siri moja kwa watu kadhaa hivyo hivyo, wakutane idadi fulani ndipo irudi kuwa nzima, na hesabu yake ina ubora mmoja: unaweza kugawa vipande vitano ukahitaji vitatu tu. Nataka kuhamishia daftari la kikundi kwenye simu kwa njia hiyo, ili asiwepo mtu mmoja, wala shirika moja, wala mimi, anayeweza kulifungua akiwa peke yake.

Niliwaeleza likizo iliyopita, chini ya mti, kwa kutumia vipande vya kadi ya bati. Nilidhani nitahitaji siku nzima. Mama mwekahazina alielewa kabla sijamaliza sentensi, akaniuliza:

"Sasa baba, mwenye ufunguo akipata safari ya Kanada, akaondoka na simu yake?"

Nikamwambia ndiyo maana tunagawa vitano.

"Na wakiondoka watatu? Mwaka huu pekee wameondoka wawili. Na huyo wa Kanada, si bado ana kipande chake? Akikutana huko na wenzake wawili?"

Kwenye sanduku la chuma wananunua kufuli jipya, basi. Kwenye hesabu, kuwanyima waliosafiri bila kuwakusanya waliobaki upya kila mara ni sura nzima ya kitabu, na ndiyo ninayoisoma sasa hivi.